Kesho ya Mdaiwa Haina Tarehe

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kulisikia tangazo hili. Jeneza limewekwa mbele ya safu, watu wamejipanga, na kabla imamu hajasogea kusalisha, mzee mmoja wa ukoo husimama akasema kwa sauti ya upole: yeyote anayemdai marehemu na awaone warithi, na yeyote anayedaiwa na marehemu naye na awaone warithi. Tangazo lote halimalizi nusu dakika. Lakini mwenye kulisikiliza kwa makini ataona kwamba lina nusu mbili, na kila nusu ina hali yake. Nusu ya kwanza ina wasikilizaji. Nusu ya pili ina kikohozi.

Miezi michache iliyopita nasi tulikuwa miongoni mwa waliokohoa.

Marehemu alikuwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, mtu wa maneno machache na mkono mwepesi. Baraza aliyoshonea ilikuwa katikati ya njia ya kutoka nyumbani kwetu kwenda msikitini. Kabla ya Idi tulimpelekea kitambaa cha kanzu, tukalipa sehemu ya ujira, na zile shilingi 25,000 zilizobaki tukamwambia tutazileta kesho. Idi ikaja, kanzu ikavaliwa, watu wakaisifu. Kesho haikuja.

Hatukukusudia kumdhulumu, angalau hivyo ndivyo tulivyojieleza. Siku ya kwanza tulisahau. Siku ya pili tulikumbuka, lakini mfukoni hamkuwa na fedha za kutosha. Siku ya tatu fedha zilikuwepo, ila gesi ya kupikia ilikuwa imekwisha. Baada ya wiki mbili tukaanza kuona haya, na hapo ndipo tulipogundua kwamba ipo njia ya pili ya kwenda msikitini, ile inayozunguka nyuma ya soko. Ni ndefu zaidi, lakini tulijiambia kwamba kutembea kuna faida kwa afya, na kwamba kila hatua ya kuiendea sala ya jamaa ina thawabu zake. Hivyo ndivyo nafsi ifanyavyo kazi. Haimwambii mtu akimbie deni. Humsomea fadhila za kutembea.

Fundi hakutudai hata siku moja. Tulikutana naye mara moja tu kwenye mlango wa msikiti, akatushika mkono akasema, "Mbona siku hizi sikuoni, Maalim?" Tukamjibu kwamba ni shughuli tu. Akatabasamu, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Majuma machache baadaye akaugua kwa siku mbili, na ya tatu tukamswalia.

Tutarudi kwa fundi na kwa kanzu yake. Kwanza, ndugu msomaji, tumtazame kidogo binadamu anapokuwa na mali ya mwenziwe mkononi.

Ndimi mbili za mtu mmoja

Anayekuja kukopa hufika mapema. Aghalabu huja baada ya sala ya alfajiri, kabla riziki ya siku haijatawanyika. Huuliza hali za watoto kwa majina yao wote, hata yule aliye shule ya bweni. Huisifu rangi ya ukuta. Hukumbusha udugu uliopo baina yenu, hata kama udugu wenyewe unahitaji wazee watatu kuuelezea. Kisha, bila ya kuulizwa, hutaja siku ya kulipa na kuilia yamini: mwisho wa mwezi, kabla hata hajanunua unga.

Wala tusiseme kwamba mtu huyu ni mwongo. Saa ile anasema kweli ya moyo wake. Shida imemfanya kuwa mnyenyekevu, na unyenyekevu humfanya mtu aamini ahadi zake mwenyewe. Mashaka huanza pale shida inapokwisha, kwa kuwa shida ndiyo iliyokuwa mdhamini wake, nayo imeondoka bila ya kuaga.

Mwisho wa mwezi ukifika, mtu huyohuyo ana ulimi mwingine. Simu huita pasi na kupokewa. Ikipokewa, hupokewa na mtoto, naye husema: "Baba amesema hayupo." Tumekuwa tukiicheka kauli hii tangu utotoni mwetu, lakini hebu tuitazame upya. Mtoto yule amesema kweli tupu katika maneno matatu. Papo hapo amejifunza kwa mzazi wake kwamba deni huweza kulipwa kwa uongo, na kwamba uongo huweza kutumwa kwa kinywa cha mtoto kama vile anavyotumwa dukani kununua chumvi. Mdai atapoteza fedha zake. Mtoto huyo amepoteza kitu ambacho hakina duka.

Wapo wadaiwa wa aina nyingi, na kila mtaa una wake. Yupo mwenye kumbukumbu ya upande mmoja: anayoyadai anayajua mpaka senti, hata yale ya mwaka ambao mwanawe wa kwanza alizaliwa, anayodaiwa yamemtoka kabisa kichwani, na ukimkumbusha hukushukuru sana kwa kumkumbusha, kisha husahau tena. Yupo mwenye hasira, ambaye ukimdai husema umemvunjia heshima, na kabla hujatoka uani kwake unajikuta wewe ndiye unayeomba radhi. Yupo mkarimu: hajakulipa, lakini arusi ya bintiye ina pilau la kumtosha kila apitaye, nawe umealikwa, umepewa kiti cha mbele, na kila tonge unalolimeza unajiuliza kama si fedha zako hizo. Wazee wetu walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Walikuwa wamekwisha kumwona huyu.

Na yupo wa mwisho, aliye mpole kuliko wote. Huyu hakatai, hagombi, hajifichi. Husema tu, "Kesho, inshaallah." Maskini neno inshaallah! Limewekwa ili mja akiri kwamba mambo yote yamo katika utashi wa Mola wake. Wengine wetu tumelifanya mlango wa nyuma: tunalitamka pale tunapokuwa tumekwisha kuazimia kutotenda, ili jambo lisipotendeka lionekane kuwa ni kadari.

Wenye maduka waliujua ugonjwa huu mapema, wakautibu kwa sumu yake wenyewe. Nani asiyekiona kibao kile juu ya kaunta kinachosema kwamba leo ni kwa fedha taslimu, mkopo ni kesho? Mteja aliyezoea kulipa kesho amekutana na muuzaji anayekopesha kesho. Wote wawili wanajua kwamba siku hiyo haimo katika kalenda.

Mtume wetu (saw) alikuwa akijilinda kwa Allah na dhambi pamoja na deni ndani ya sala. Bibi Aisha (ra) amepokea, na hadithi imo katika Bukhari, kwamba aliulizwa sababu ya kujilinda mno na deni, naye akaeleza kuwa mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Tazama, ndugu msomaji, jinsi maelezo hayo yalivyokwenda moja kwa moja kwenye ulimi. Hayakutaja umaskini, wala njaa, wala fedheha ya kufilisika. Deni huingia kwa mlango wa mfuko, lakini madhara yake hukaa kinywani.

Na mdai naye ana yake

Tusimwonee mdaiwa peke yake. Mdai naye ni binadamu, na fedha yake ikiwa nje ya mfuko wake, humtoa naye nje ya tabia yake.

Wapo wanaokopesha kwa haya. Moyo unakataa, mdomo unakubali, na tangu saa ile ameanza kumchukia aliyemkopesha, ambaye bado hajakosa neno. Wapo wanaokopesha kwa sifa: fedha wanatoa mara moja, habari wanaitoa kila siku, mpaka mdaiwa anaona bora angeombaomba barabarani, kwani huko angetazamwa na wageni. Siku hizi wapo wanaodai katika kundi la ukoo kwenye simu, mbele ya mashangazi na wakwe, na baada ya hapo deni hulipwa lakini udugu haulipiki. Wapo pia wanaomgeuza mdaiwa kuwa mtumishi asiye na mshahara: mchukulie mwanangu shuleni, nipitishie mzigo wangu stendi, niazime pikipiki yako. Hawahesabu hayo kuwa kitu. Mwenye elimu ya dini atawaambia kwamba manufaa aliyoyashurutisha mkopeshaji juu ya mkopo wake ni mlango wa riba, hata kama hapakutajwa asilimia.

Na nje ya milango yetu imesimama mikopo ile ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Hawakulipata jina hilo katika kitabu. Walilipata katika hali yao. Tunaikemea mikopo hiyo katika mawaidha yetu, na ni haki yetu kuikemea. Lakini tujiulize pia: mama muuza vitumbua anayekwenda huko, kabla hajafika alipita milango mingapi ya Waislamu wenzake? Na kila mlango ulipomkatalia, je, ulimkatalia kwa ubahili, au ulimkatalia kwa sababu mtu mwingine kabla yake alikopa akaapa, kisha akapotea? Asiyelipa deni halimdhulumu mdai wake peke yake. Huifunga milango kwa wahitaji kumi watakaokuja baada yake, ambao wataapa kama yeye alivyoapa, wala hawataaminiwa.

Aya ndefu kuliko zote

Mtu angeulizwa aya ndefu kuliko zote katika Qur-an inazungumzia nini, pengine angekisia habari za pepo, au za moto, au visa vya Mitume. Aya hiyo ni ya 282 katika Suratul Baqarah, nayo inazungumzia kuandikiana madeni.

Hili peke yake linatosha kumfanya mtu akae kitako. Mola aliyeumba mbingu na ardhi ameitenga aya ndefu kupita zote kwa ajili ya jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa kusema, "Usijali, tunaaminiana." Ndani yake ameamrisha kwamba deni la muda liandikwe pamoja na muda wake, kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu wala asikatae, kwamba mwenye kuyatamka maneno ya kuandikwa awe yule anayedaiwa, kwamba wawepo mashahidi, na kwamba watu wasichoke kuandika, liwe deni dogo au kubwa. Wanachuoni wengi wamesema kwamba amri hiyo ni ya kupendekezwa, si ya lazima. Lakini pendekezo linalotoka kwa Muumba si sawa na ushauri wa jirani.

Zingatia mambo mawili tu katika hayo. La kwanza ni kwamba anayetamka ni mdaiwa. Angetamka mdai, deni lingeandikwa kama shutuma. Akitamka mdaiwa, linaandikwa kama ungamo: mimi fulani nina mali ya fulani, kiasi hiki, mpaka siku hii. Ulimi ule ambao deni huufundisha uongo unatiwa kazini kwanza kwa kusema kweli, wakati bado una nguvu ya kuisema.

La pili ni kwamba deni dogo limetajwa pamoja na kubwa. Deni kubwa lina walinzi wengi: lina hati, lina rehani, lina wakili. Deni dogo halina mlinzi. Ni bakuli la sukari, ni nauli, ni vocha ya simu, ni baki ya fundi. Mdai huona haya kulitaja kwa sababu ni dogo, na mdaiwa huona si kitu kwa sababu hiyohiyo, na baina ya haya ya mmoja na dharau ya mwingine, haki ya mtu inapotea.

Tunajua jibu ambalo wengi wetu tunalo tayari. Nikimwambia ndugu yangu tuandikiane, ataona simwamini. Waswahili wa zamani, waliofanya biashara na watu wa kila pwani, walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakuona kwamba methali hiyo inamtukana mtu. Daftari haliwekwi kwa ajili ya wezi. Mwizi haandikiwi kitu. Huwekwa kwa ajili ya watu wema wenye vichwa vinavyosahau na maisha yanayokatika. Tunapoandikiana hatumtuhumu ndugu yetu kwa uongo. Tunakiri tu kwamba mimi na yeye tutasahau, na kwamba mimi na yeye tutakufa.

Dinari mbili na siku moja

Salama bin al-Akwa' (ra) amesimulia, na hadithi imo katika Bukhari, kwamba liliwahi kuletwa jeneza mbele ya Mtume (saw), akauliza kama maiti ana deni. Akaambiwa hana, akamswalia. Likaletwa la pili, akaambiwa ana deni lakini ameacha dinari tatu, akamswalia. Likaletwa la tatu, akaambiwa hakuacha kitu na ana deni la dinari tatu. Hapo Mtume (saw) akawaambia Maswahaba wamswalie wao mwenzao. Abu Qatada (ra) akajitolea kulibeba deni lile, ndipo Mtume akamswalia.

Katika mapokezi ya Jabir (ra) yaliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, deni lilikuwa dinari mbili, na kisa kina mwisho unaomgusa kila mdaiwa wa kesho. Baada ya siku moja Mtume (saw) alimuuliza Abu Qatada zile dinari mbili zimefika wapi. Naye akajibu kwamba mtu mwenyewe amekufa jana tu. Siku iliyofuata akamuuliza tena, na safari hii Abu Qatada akajibu kwamba amekwisha kulipa. Mtume (saw) akasema kwamba sasa ndipo ngozi ya maiti yule ilipopoa.

Abu Qatada alikuwa Swahaba mkubwa, mpiganaji hodari, naye alilichukua deni lile kwa hiari na wema wa nafsi yake. Hata hivyo alihitaji kuulizwa mara mbili. Ikiwa yeye alihitaji mara mbili, sisi tunaodaiwa deni letu wenyewe, la kanzu tuliyoivaa wenyewe, tunahitaji mara ngapi?

Baadaye Allah alipomfungulia Mtume wake mali, alitangaza kwamba Muumini atakayekufa na deni asilo na cha kulilipia, yeye Mtume ndiye atakayelilipa. Na Qur-an imewapa wadaiwa walioelemewa fungu lao katika zaka, katika aya ya 60 ya Suratut Tawba. Na katika aya ya 280 ya Suratul Baqarah imeamrisha mwenye dhiki apewe muhula, na ikasema kusamehe ni bora zaidi. Dini hii haimkanyagi aliyeshindwa. Inayemkemea ni mwenye uwezo anayechelewesha, ambaye hadithi sahihi imeuita ucheleweshaji wake kuwa ni dhulma. Na tufahamu kwamba uwezo hauna maana ya utajiri. Mwenye shilingi 25,000 anayedaiwa shilingi 25,000 ni mwenye uwezo, hata kama gesi imekwisha.

Tazama pia adabu ya kudaiwa. Mtu mmoja alimdai Mtume (saw) ngamia kwa maneno makali, mpaka Maswahaba wakataka kumkabili. Akawazuia, akawaeleza kwamba mwenye haki ana nafasi ya kusema. Kisha akaamrisha apewe ngamia bora kuliko aliyekuwa akimdai, na akasema kwamba aliye bora katika watu ni yule aliye bora katika kulipa. Kwetu sisi mambo yamekwenda kinyume. Mwenye haki hunyamaza kwa haya, na mdaiwa ndiye mwenye nafasi ya kusema.

Daftari la fundi

Sasa turudi tulikotoka. Siku ya mazishi tulirudi nyumbani kwa ile njia ya zamani, iliyopita mbele ya baraza ya fundi, kwa maana hapakuwa na mtu wa kumkwepa tena. Cherehani ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha khanga. Siku tatu zilipita. Siku ya nne, kwa haya na kwa hofu zaidi kuliko kwa ucha Mungu, tukaenda kwa warithi.

Tulipokewa na mdogo wa marehemu pamoja na kijana wa kwanza wa marehemu, mwanafunzi wa sekondari. Kijana akatuamkia, akatukaribisha mkekani, kisha akaleta daftari la baba yake. Lilikuwa daftari la kawaida la shule, lililopigwa mistari kwa rula: shingo, mabega, mkono, urefu, aliyolipa, baki. Akafungua ukurasa wenye jina letu. Vipimo vyetu vilikuwa pale vyote, na kiasi tulichokuwa tumelipa. Katika mstari wa baki palikuwa na neno moja tu.

"Baba mdogo," akatuuliza kijana, bila kejeli yoyote, "wengine wote ameandika fedha. Kwako ameandika 'kesho'. Hii kesho ni shilingi ngapi?"

Hatujapata kuulizwa swali zito kuliko hilo. Fundi hakutaka kutuandikia kiasi, maana tulikuwa jirani na rafiki. Aliandika ahadi yetu kama tulivyoitamka. Na sasa kiasi kilikuwa hakijulikani na yeyote duniani ila sisi. Tungetaja elfu tano, kijana angepokea na kushukuru. Tungetaja elfu kumi, tungeonekana wakarimu. Tutaungama kwamba tarakimu hizo zilipita kichwani, na wala hazikupita kwa haraka.

Tukataja 25,000. Hatulisimulii hili kwa kujisifu, kwani mtu anayelipa baki ya kanzu ya Idi baada ya jeneza hana cha kujisifia. Tunalisimulia ili msomaji aone jinsi deni lisiloandikwa linavyomweka mtu peke yake na nafsi yake, mahali ambapo nafsi haistahili kuachwa peke yake.

Lilibaki jaribio la pili. Yule mdogo wa marehemu, kwa ukarimu wake, akasema, "Aa, Maalim, hilo basi, tumekwisha kulisamehe." Mkono wetu ulikuwa na fedha hewani, nao ulisita. Kisha tukamsikia mtoto mdogo akicheka nyuma ya pazia, tukakumbuka kwamba fundi ameacha watoto wanne, na watatu kati yao hawajabaleghe. Fedha zile hazikuwa mali ya mjomba wala ya ami hata azisamehe. Mrithi mtu mzima anaweza kusamehe fungu lake mwenyewe. Fungu la yatima hana mtu wa kulisamehe, maana yatima mwenyewe hajafikia umri wa kusamehe. Na katika aya ya 10 ya Suratun Nisaa, wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma wameelezwa kuwa wanakula moto matumboni mwao. Wakati wote ule tulijiona tunamchelewesha fundi. Kumbe tangu siku aliyofariki tulikuwa tumekalia mali ya mayatima wake, nasi tumevaa kanzu yake.

Tulipouliza, tuliambiwa kwamba waliokuja kusema wanamdai marehemu walikuwa watatu, na wote walifika siku ileile ya mazishi. Waliokuja kusema wanadaiwa naye, sisi tulikuwa wa kwanza. Daftari lilikuwa na kurasa nyingi.

Neno kwa familia

Katika aya mbili tu zinazofuata hapo katika Suratun Nisaa, zile za kugawa mirathi, Qur-an imekariri mara nne kwamba mgao huja baada ya wasia na deni. Basi na kila nyumba iwe na daftari, hata la kurasa chache, lenye pande mbili: tunadai, na tunadaiwa. Liandikwe jina, kiasi na siku. Mume na mke wote wajue lilipo, maana wajane wengi hukutana na madeni ya waume zao kwa mara ya kwanza matangani, na wengine hukutana na wadai wa uongo wasiokuwa na daftari la kuwakanusha.

Anayekopa na ataje tarehe badala ya kesho, na tarehe ikifika hana, aende yeye kwa mdai kabla mdai hajaja kwake. Safari hiyo ni nzito, lakini ni fupi kuliko ile ya kuzunguka nyuma ya soko. Anayekopesha na aandike bila ya haya, adai kwa faragha, na akiweza kusamehe asamehe kimya. Na watoto wetu tuwatume kupeleka fedha tunazodaiwa, wakaone jinsi deni linavyolipwa, badala ya kuwatuma mlangoni kusema hatupo.

Ijumaa iliyopita palikuwa na jeneza jingine katika msikiti wetu. Mzee wa ukoo alisimama, akatoa tangazo lile la nusu dakika. Nusu ya kwanza watu walisikiliza. Ya pili ilipoanza, kikohozi kikaanza nacho, kutoka safu ya mbele mpaka ya nyuma. Baada ya salamu, tulipokuwa tunatoka, tulimwona mtu mmoja amesimama kando ya mlango, akimsubiri mzee yule apite. Hatukujua anadai au anadaiwa. Lakini tuliona hakuwa akikohoa, na tukamuombea dua.